Mche wa Sabuni

Katika miaka 46 ya ndoa yetu, ugomvi ninaoukumbuka kuliko yote ulitokana na mche mmoja wa sabuni.

Ilikuwa Januari 1980, Mwanza. Sabuni ilikuwa imeadimika kuliko nyama. Nilipanga foleni tangu alfajiri nikiwa na mtoto mgongoni, jua likanipata palepale, na ilipofika zamu yangu nikapewa mche mmoja. Niliufunga kwenye kanga, nikaja nao nyumbani kama mtu aliyebeba yai, nikauficha juu ya kenchi. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka vitani Uganda siku tatu kabla, yeye na lori lake. Nikaenda kuchota maji. Niliporudi nilimkuta kifua wazi nyuma ya lori, amepiga magoti, anasugua mbao kwa sabuni yangu. Povu lilikuwa linatiririka mpaka barabarani na majirani wamesimama wanatazama. Mche ulikuwa umebaki kipande cha kutosha kunawia mikono.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akasema, "Gari lilikuwa chafu." Akaendelea kusugua.

Wiki mbili sikumsemesha ila kumwambia chakula kipo. Vijana wa leo mnaweza kuona ni kidogo, mche wa sabuni. Mwalimu Nyerere alikuwa ametuomba tufunge mkanda miezi 18 ili nchi ilipe gharama za vita. Miezi hiyo sijui nani aliihesabu, maana sisi wa kwenye foleni tuliihesabu tukapita miaka. Sukari foleni, unga foleni, khanga foleni. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na mwaka mmoja na nepi zake nilizifua kwa majivu ya mgomba. Ndiyo sabuni niliyokuwa naililia.

Mume wangu alifariki mwaka 2022, akiwa na miaka 71. Sukari ilianza, figo zikafuata. Sitakaa sana hapo, kila nyumba siku hizi inaijua njia ya kliniki. Nataka kumzungumzia dereva.

Oktoba 30, 1978 majeshi ya Nduli Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka yakaingia Kagera. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera ni ya Uganda. Novemba 2 tulikusanyika kwa jirani mwenye redio kumsikiliza Mwalimu kupitia Redio Tanzania. Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Wanaume walipiga makofi kana kwamba Mwalimu yuko chumbani. Mume wangu hakupiga. Alikuwa anamtazama jirani yetu mwingine, mwenye pikapu, na baadaye aliniambia, "Yule ameshaelewa. Magari yatachukuliwa."

Na kweli yalichukuliwa. Mabasi, malori, pikapu za watu binafsi. Yeye alikuwa dereva wa lori la pamba, na alikuwa amepitia mafunzo ya mgambo kama vijana wengi wa wakati ule. Ilipofika zamu ya lori lake angeweza kubaki, gari likaenda na dereva mwingine. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nilimwomba abaki. Akasema, "Siwezi kumpa mtu gari hili. Breki zake nazijua mimi." Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake ya kuniaga. Kwa muda mrefu nilisimulia maneno hayo kama kichekesho, kwamba mume wangu aliniacha na mimba akafuata breki.

Aliniandikia barua tatu tu. Ya kwanza ninayo mpaka leo. Baada ya salamu inasema: gari zima, mimi mzima, barabara mbaya. Kwa mpangilio huo. Ya pili inauliza mtoto ni wa kike au wa kiume, na iwapo ni wa kike asinyolewe nywele mpaka azione. Ya tatu inazungumzia mvua.

Sisi tuliobaki Mwanza nasi tulionja kidogo. Machi 29, 1979 ndege ya Libya, aina ya Tu-22, ilikuja kupiga matangi ya mafuta ya mji. Nilikuwa nanyonyesha. Kioo cha dirisha kilitetemeka kama meno ya mtu mwenye malaria, nikaingia na mtoto chini ya kitanda nikabaki huko mpaka jioni. Mabomu yalikosa matangi yakaangukia kisiwa cha Saanane, pale walipokuwa wakifugwa wanyamapori, yakaua swala. Aliporudi nilimsimulia tukio hilo kwa machozi, nikisubiri anikumbatie. Akauliza, "Swala wangapi?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Sikuona cha kuchekesha. Lakini ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu arudi, nami sikutaka kumkatiza.

Watoto walipokuwa wakubwa walimbana. Shuleni walifundishwa majina ya makamanda, Twalipo, Musuguri, Mayunga, wakaja nyumbani kutafuta baba yao yuko wapi kwenye orodha hiyo. Baba, uliua wangapi? Baba, ulimwona Amin? Naye kila mara alijibu vilevile: "Mimi nilikuwa dereva tu." Ukimsukuma zaidi alikwambia habari za matope. Alikuwa anaweza kuzungumzia matope saa nzima. Kuna matope ya Kyaka, mazito, yanashika tairi kama lami mbichi. Kuna ya huko mbele ya Mutukula mpakani, mepesi, yanakudanganya kama ardhi ngumu mpaka ekseli izame. Alieleza jinsi walivyoendesha usiku bila taa, utingo akitembea mbele amejifunga kitambaa cheupe mgongoni, dereva anakifuata kitambaa. Mji wa Masaka huko Uganda ulipochukuliwa mwishoni mwa Februari yeye alikuwa nyuma amekwama siku mbili. Lukaya, pale Machi mapigano yalipokuwa makali na askari wa Libya walipokuja kumsaidia Amin, yeye alikumbuka tuta la barabara: kinamasi kulia, kinamasi kushoto, na wewe katikati na mzigo wa risasi, gurudumu likiteleza hakuna wa kukutoa. Kuhusu mizinga ile ya roketi ambayo Waganda waliiita Saba Saba, alisema tu kwamba ukiwa umelala chini ya gari ikianza kupiga, nati zinalia.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Aliingia siku mbili baadaye. Mwanangu wa pili alimuuliza Kampala ilikuwaje siku ile, mji mkuu uliotekwa, watu barabarani wanashangilia. Akafikiri kidogo. "Lami," akasema. "Gari likanyamaza."

Tulimcheka sana kwa jibu hilo. Lilikuwa msemo wa nyumba yetu. Mtu akipata ahueni yoyote, akimaliza mtihani, mgonjwa akilala, tunasema gari limenyamaza.

Nawaambia haya ili mjue kwamba hakuwa bubu. Wanaume wa vita wanasemwa kwamba hawazungumzi. Huyu alizungumza, tena kwa raha, ila sisi tulikuwa tunasubiri bunduki na yeye alikuwa anatupa barabara. Tuliuliza alikwenda na nini na alifika lini. Katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyemuuliza alirudi na nini. Lori haliwezi kwenda tu. Mke wa dereva wa pamba nilitakiwa nilijue hilo kuliko mtu yeyote.

Mambo yake mengine tuliyachukulia kama tabia. Hakuendesha usiku, isipokuwa mtu aje kugonga mlango na mgonjwa. Hapo hakuuliza jina wala nauli, alikuwa anatafuta funguo huku anavaa viatu. Msiba ukitokea mtaani alibeba jeneza bure, mwendo wa polepole, na akitoka makaburini haingii ndani mpaka ameosha nyuma ya gari yeye mwenyewe. Akijitokeza kijana kumsaidia anamfukuza. Na kubwa kuliko yote, hakuna mtoto wake aliyewahi kupanda nyuma. Watoto wa Mwanza nzima walikua wakining'inia nyuma ya malori na pikapu, upepo usoni. Wetu tulijibana sita kwenye kabini, wengine wamekaliana mapajani, na nyuma hakuna kitu. "Nyuma si pa kukaa watu," alisema. Majirani walisema tuna maringo. Mimi nilisema ana wivu na mbao zake.

Mabinti zetu watatu wote aliwafundisha kubadilisha tairi kabla hawajavunja ungo. Mmoja leo anaendesha basi la abiria, na abiria wakishangaa mwanamke kushika usukani wa gari kubwa huwa anawaambia waulize breki, breki zinamjua.

Mwaka 2009 tulikwenda Bukoba kwenye harusi ya mpwa wangu. Tulipofika wilayani Muleba, maeneo ya Kaboya, alisimamisha gari pembeni bila kusema kitu, akashuka. Kaboya ndiko walikozikwa askari wetu waliokufa katika vita vile. Mimi nililijua hilo kama linavyojulikana na kila mtu, kutoka kwenye habari za Julai 25, Siku ya Mashujaa. Alizunguka gari, akapigapiga matairi yote manne kwa teke, akasimama upande wa nyuma muda mrefu. Nikafikiri amekwenda haja ndogo. Nilimpigia kelele kutoka dirishani kwamba tutachelewa kanisani. Akapanda, tukaenda. Matairi yalikuwa mazima, yote mapya.

Sitamsafisha kwa sababu amekufa. Alikuwa na siku zake za kununa, siku nne tano neno halimtoki, na watoto walijifunza kutembea kwa ncha za vidole. Hakuwahi kunipiga. Lakini kimya chake kilinichosha, na kuna mwaka nilifunga mizigo nikarudi kwetu, nikakaa miezi miwili. Alinifuata na lori tupu. Nilipotaka kutupa mizigo yangu nyuma akaniambia niiweke mbele, yeye na mimi tutabanana.

Alipofariki, mwanangu wa kiume ndiye aliyeandika wasifu wa marehemu. Mnazijua wasifu hizo. Alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua, ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kadhaa. Katikati palikuwa na mstari mmoja: alishiriki Vita vya Kagera mwaka 1978 hadi 1979. Msomaji aliupita kabla sijavuta pumzi. Mwanangu hakuwa na kosa, hakuwa na kingine cha kuandika. Kamati ya msiba ilitaka kujua kama kuna haja ya kuwapa taarifa watu wa jeshi, wakauliza namba yake ya utumishi, kikosi, cheo. Tulifungua sanduku lake. Tulikuta leseni saba za udereva, kuanzia ya ujana mpaka ya mwisho, zimefungwa kwa mpira. Barua zangu mbili. Tukashusha na ile picha ya ukutani, wanaume watano wamesimama mbele ya lori, nyuma ya picha hakuna jina hata moja. Karatasi ya jeshi hakuna. Niliwahi kwenda ofisi moja miaka ya nyuma kuulizia, nikaambiwa mgambo aliyerudi uraiani bila namba ni vigumu kumpata kwenye kumbukumbu. Yeye nilipomweleza alishangaa nimekwenda kufanya nini.

Ile picha nimeihangaikia kuliko karatasi. Ilikaa ukutani kwetu zaidi ya miaka 30. Kila siku nilifuta vumbi kwenye nyuso zile. Ningemwambia siku moja tu, wakati nafuta, hebu nitajie hawa ni akina nani, ingechukua dakika mbili. Siku hizi nimekuwa kero kwa marafiki zangu. Nikiingia nyumbani kwa mtu natazama picha za ukutani, namuuliza mzee wake yule wa kushoto ni nani, naomba kalamu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, turubai limeshushwa na viti vya kukodi vimerudishwa, aliingia mzee mmoja mwenye fimbo, amefuatana na mjukuu. Ametoka Musoma kwa basi, habari alizipata zimechelewa. Akasimama uani akauliza, "Shemeji yupo?" Sikumjua. Nikamkaribisha kama tunavyokaribisha, pole na safari, ahsante, poleni na msiba. Akaingia ndani, akainua macho ukutani, akasogea kwenye picha. Akaweka kidole juu ya kijana mwembamba wa kulia kabisa.

"Huyu mimi," akasema. "Nilikuwa utingo wake."

Mwenye kitambaa cheupe. Nilikaa chini.

Nilimwomba mwanangu awashe simu arekodi, na mzee akasema arekodi tu, yeye umri wake hauna siri. Alitutajia majina yote matano, na ninayo sasa. Kisha akaanza na matope, akasimulia Kyaka na Mutukula kwa maneno yaleyale ya mume wangu, mpaka watoto wakaanza kutabasamu. Halafu mjukuu wangu mmoja, ana miaka tisa, akauliza lile tuliloshindwa sote. "Babu, sasa mkirudi mlikuwa mnabeba nini?"

Mzee akanitazama mimi. "Shemeji, hakuwaambia?"

Nikasema hakutuambia.

"Kwenda tulibeba risasi na unga," akasema. "Kurudi tulibeba watu."

Majeruhi kwanza. Wakati mwingine safari ilianza na majeruhi ikaishia na maiti. Dereva alijua kwa sauti. Alikuwa anaendesha polepole kwenye mashimo kwa sababu kila shimo mtu nyuma anapiga kelele; na kelele zikipungua alikuwa anagonga bodi kwa ngumi kutoka kwenye kabini, anasubiri wamjibu kwa kugonga. Walipoacha kumjibu alizidi kwenda polepole, mzee alisema, kama vile sasa ndiyo wanahitaji kupumzika. Waliofariki waliwapeleka Kaboya. Mbao za nyuma zilikuwa zimenywa. Walimwagia maji ya mto, walisugua kwa mchanga, rangi haikutoka. Wakipumzika usiku wengine walikuwa wanalala nyuma ya magari, kumekauka na hakuna mbu wengi. Yeye alilala chini, kwenye matope, na utingo wake akalazimika kulala naye.

"Alikuwa anasema jambo moja," mzee akaendelea. "Nikifika kwangu, nitaliosha kwa sabuni. Sisi tukimcheka. Sabuni yenyewe tulikuwa tumeisahau inanukiaje. Anasema, mke wangu hakosi sabuni, yule ni mwanamke wa kupanga foleni."

Binti yangu dereva alitoka nje. Mimi nilibaki na kanga mdomoni. Ilinichukua muda kupata sauti, kisha nikamweleza habari ya mche wa sabuni. Nilimweleza yote: foleni, kenchi, povu barabarani, maneno niliyotoa, wiki mbili za kutosemeshana. Nilitaka aniambie kitu, sijui nini. Mzee alisikiliza kichwa ameinamisha juu ya fimbo, na nilipomaliza alikaa kimya, halafu akaniuliza kama mtu anayeulizia kazi iliyoachwa nusu.

"Ilitosha?"

"Haikutosha, shemeji," nikamwambia. "Alimalizia na majivu."